Dira Hutii Chuma Kilicho Karibu

Wahenga walisema kwamba aulizaye njia hapotei. Usemi huo una hekima kubwa, lakini unategemea jambo moja, nalo ni kwamba yule anayeulizwa asiwe ameghilibiwa na mtu mwingine. Katika zile ndege ndogo zisizo na rubani, ambazo siku hizi watu wengi huziita droni, anayeulizwa njia mara nyingi katika kila sekunde ni dira ya elektroniki iliyo ndogo kuliko punje ya mahindi. Dira hiyo haina nia mbaya. Udhaifu wake ni kwamba haiwezi kuitofautisha sauti ya dunia na sauti ya kipande cha chuma kilicho karibu nayo. Chuma kikisema kwa nguvu kuliko dunia, dira hukitii chuma.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Droni za kununuliwa madukani zilienea kwa haraka baada ya mwaka 2013, wakati kampuni ya DJI ya mji wa Shenzhen, nchini China, ilipotoa chombo chake kilichoitwa Phantom. Leo hutumiwa kupiga picha za arusi, kukagua mapaa na minara ya simu, kutazama mashamba na kuwatafuta watu waliopotea. Huko Zanzibar, mwaka 2016 ilianzishwa kazi ya kuvipiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani, ili kutengeneza ramani mpya. Kwa hiyo askari hukutana na vyombo hivi kazini, na jamaa zake hukutana navyo arusini, juu ya vichwa vya watoto na wazee. Chombo cha uzito wa kilo moja kikipotewa na mwelekeo juu ya umati wa watu, huwa ni hatari ya kweli, kwa kuwa mapanga yake hukata, na kikianguka huumiza.

KWA NINI SETELAITI HAZITOSHI

Mtu anaweza kuuliza: je, droni haiongozwi na setilaiti? Ni kweli kwamba setilaiti huiambia droni mahali ilipo, kwa kosa la mita chache. Lakini hazikiambii chombo kilichotulia hewani pua yake inaelekea wapi. Gari barabarani huenda mbele, na kutokana na mwendo wake mwelekeo hujulikana. Droni yenye mapanga manne si hivyo. Inaweza kusimama hewani pasipo kusonga, au kwenda kinyumenyume, au kwenda ubavuubavu kama kaa wa pwani.

Sasa fikiri kwamba upepo umeisukuma mita mbili kwenda mashariki. Setilaiti zinaiarifu kwamba imesogea, na tarakilishi yake inaamua irudi magharibi. Ili irudi, lazima ijiinamishe upande wa magharibi. Lakini magharibi ni upande upi, mbele yake, nyuma, kulia au kushoto? Hapo ndipo dira inapoulizwa. Vipo pia vipimo vingine ndani ya chombo, ambavyo hutambua kila kinapogeuka; ila hivyo ni kama mtu aliyefungwa macho na kuhesabu hatua zake. Huenda sawa kwa muda, kisha makosa madogo hujikusanya, na lazima aulize tena.

Dira ikikosea kwa digrii chache, chombo hurudi mahali pake kwa njia iliyopinda kidogo, na huenda mwenyewe asigundue lolote. Kosa likiwa kubwa zaidi, kila jaribio la kurudi humpeleka pembeni, naye hujaribu tena kutoka pale alipofika. Kutoka chini huonekana kikizunguka kama mwewe, na duara likipanuka kila mara. Kosa likipita digrii 90, kila hatua ya kurudi huwa ni hatua ya kwenda mbali, na jinsi tarakilishi inavyojitahidi kusahihisha ndivyo chombo kinavyokimbia. Wamiliki wengi waliosema kwamba droni zao zilitoroka zenyewe walikuwa wameshuhudia jambo hilo. Chombo hakikuasi. Kilitii amri kwa uaminifu, lakini amri hizo zilijengwa juu ya kaskazini ya uongo.

NGUVU NDOGO YA DUNIA

Dunia ni sumaku kubwa, lakini nguvu yake inapofika juu ya ardhi ni hafifu sana. Wataalamu huipima kwa kipimo kiitwacho maikrotesla, na mahali pengi duniani huwa kati ya 25 na 65. Katika eneo la Kampala ni takriban 33. Ile sumaku ndogo inayobandikwa kwenye mlango wa jokofu, ukiukaribia uso wake, huishinda nguvu hiyo mara mia na zaidi. Hata umeme ndani ya waya huzaa sumaku. Waya mmoja ulionyooka, ukipitisha umeme wa ampea 20, hutoa maikrotesla 40 kwa umbali wa sentimita 10. Hiyo ni nguvu inayoizidi sumaku ya dunia katika jiji hilo, na mota za droni huweza kuhitaji umeme wa kiasi hicho.

Hata hivyo, wakazi wa nchi za ikweta wana bahati ambayo wengi hawaijui. Nguvu ya sumaku ya dunia hailali sawasawa na ardhi kila mahali. Mjini London huzama kuelekea chini kwa digrii zaidi ya 60, na sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo ndiyo inayobaki kuivuta dira kuelekea kaskazini. Katika Uganda mwinamo huo ni takriban digrii 20 tu. Kwa hiyo, ingawa jumla ya nguvu ni ndogo kuliko ya London, ile sehemu inayoonyesha kaskazini huizidi ya London kwa takriban mara moja na nusu. Ndiyo maana pia dira ya mkononi iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya inaweza kuegemea upande mmoja na kukwaruza kioo chake ikiletwa Afrika Mashariki. Mshale wake ulipewa uzani wa kupambana na mwinamo wa nchi nyingine.

MELI ZILIVYOFUNDISHWA NA MSIBA

Ugonjwa huu wa dira haukuanza na droni. Mabaharia waliujua zaidi ya miaka 200 iliyopita. Mwingereza Matthew Flinders, aliyeizunguka Australia katika meli ya Investigator kati ya mwaka 1801 na 1803, aliona kwamba dira yake ilibadili maelezo kila meli ilipobadili mwelekeo, ingawa ardhi haikubadilika. Aligundua kwamba sababu ilikuwa chuma kilichokuwamo melini. Alipokuwa njiani kurudi kwao alizuiliwa na Wafaransa katika kisiwa cha Mauritius, katika Bahari ya Hindi yetu hii, na huko aliandika maelezo ya uchunguzi wake, yaliyochapishwa mjini London mwaka 1805. Hadi leo, fimbo ya chuma inayowekwa karibu na dira za meli ili kusahihisha kosa hilo huitwa kwa jina lake.

Katika siku za Flinders meli zilikuwa za mbao. Zilipoanza kuundwa kwa chuma, kosa dogo likawa balaa. Mwaka 1838 mnajimu mkuu wa serikali ya Uingereza, George Airy, alipewa kazi ya kuichunguza meli ya chuma iliyoitwa Rainbow. Aliifanya igeuke hatua kwa hatua kuelekea pande zote, akaandika kosa la dira katika kila upande, kisha akaweka sumaku na vipande vya chuma karibu na dira ili viipinge nguvu ya meli yenyewe. Msingi wa kazi yake ulikuwa huu: chuma ambacho ni sehemu ya meli husafiri pamoja na dira, na kwa sababu hiyo kosa lake lina utaratibu. Lenye utaratibu hupimika, na linalopimika huweza kuondolewa.

Lakini elimu hiyo haikumfikia kila nahodha kwa wakati. Tarehe 19 Januari 1854, meli mpya ya chuma iliyoitwa Tayleur iliondoka Liverpool kwenda Melbourne, ikiwa na watu zaidi ya 600. Ndani ya siku mbili dira zake zilipingana, na waliokuwamo wakaamini kwamba wanashuka kusini kumbe wanaelekea magharibi, kwenye pwani ya Ireland. Tarehe 21 Januari meli iligonga miamba ya kisiwa cha Lambay. Walionusurika hawakufika nusu. Mambo mengine pia yalichangia, kama vile hali mbaya ya hewa na upya wa meli yenyewe, lakini funzo la dira lilibaki katika vitabu vya bahari. Tangu hapo, kuizungusha meli kabla ya safari ili kuipima dira yake kukawa ni desturi ya mabaharia wenye busara.

Mwenye droni anayeizungusha mikononi mwake kwa nusu dakika, huku akifuata maagizo kwenye kioo cha simu, anafanya kazi ile ile ya Airy. Kilichobadilika ni ukubwa wa chombo. Tarakilishi ndiyo inayoandika makosa, na mahali pa sumaku za kusahihisha pamechukuliwa na hesabu.

CHUNGWA NA YAI

Kazi hiyo huitwa kurekebisha dira, na si vigumu kuielewa. Dira ya droni hupima nguvu ya sumaku katika pande tatu, yaani mbele na nyuma, kulia na kushoto, juu na chini. Chombo kikigeuzwa kila upande mahali pasipo na chuma, na kila kipimo kikachorwa kama nukta, nukta zote zitajipanga kama ganda la chungwa ambalo kitovu chake ni sifuri.

Ndani ya droni, hata hivyo, mna sumaku za mota, mna parafujo, mna nyaya. Vile vyenye sumaku yao wenyewe hulisukuma chungwa zima upande mmoja, kitovu kikahama. Vile visivyo na sumaku yao huikopa ya dunia na kuipinda, nalo chungwa hubonyea likawa kama yai. Mtu anapoizungusha droni, tarakilishi huzikusanya nukta hizo, hutafuta kitovu kimehamia wapi na chungwa limebonyea kwa kiasi gani, kisha huweka hesabu ya kulirudisha. Tangu hapo kila kipimo cha dira hupunguzwa na kunyooshwa kwa hesabu hiyo.

Ndiyo maana aina nyingi hutaka chombo kizungushwe kwanza kikiwa kimelala, kisha pua ikitazama chini. Duara moja hupima pande mbili tu, na upande wa tatu hubaki bila kujulikana. Maagizo hutofautiana kati ya aina na aina, na yafaa kufuata yale ya chombo chenyewe. Waundaji nao husaidia kwa kuitenga dira mbali na mota na betri. Katika droni za Phantom za mwanzo waliiweka katika mguu mmoja wa kutulia, na mafundi wengine huiinua juu ya mlingoti mfupi.

KOSA LA UWANJA WA ZEGE

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Hesabu ya kurekebisha hudhani kwamba chuma chote kilichoonekana wakati wa kuzungusha ni chuma cha droni yenyewe. Haina njia ya kujua vinginevyo. Chuma ambacho chombo hukibeba kinaweza kujulikana na kutolewa katika hesabu. Chuma cha mahali hakitolewi, maana chombo kikiruka hukiacha nyuma. Dawa yake ni kukiondokea.

Chukua mfano wa mtu aliyesimama katika uwanja wa zege lenye nondo, karibu na gari lake, anataka kurusha droni. Kioo cha simu kinamwonya kwamba dira ina matatizo. Kwa kuwa ana haraka, anairekebisha papo hapo. Onyo linatoweka, naye anafurahi. Kwa kweli ameifunza dira kuzihesabu nondo za uwanja kama sehemu ya mwili wake. Chombo kinapanda mita kumi, nondo zinabaki chini, lakini hesabu ya kuzipinga imepanda pamoja nacho. Dira iliyokuwa na kosa pale chini tu sasa ina kosa kila mahali itakapokwenda, na kosa hilo litabaki hadi itakaporekebishwa upya. Marekebisho mabaya ni mabaya kuliko kutorekebisha.

Hatua ya kwanza baada ya onyo, basi, ni kuhama. Nguvu ya kipande kidogo cha sumaku hupungua upesi sana kwa umbali. Ukiuongeza umbali maradufu, nguvu hubaki sehemu moja ya nane. Mara nyingi hatua ishirini kutoka kwenye gari, au kutoka kwenye zege hadi kwenye nyasi, zinatosha. Onyo likitoweka kwa kuhama tu, dira haikuwa mbovu, mahali ndipo palipokuwa pabaya, na hakuna haja ya kurekebisha chochote. Likibaki hata kwenye uwanja wa nyasi ulio wazi, hapo ndipo kurekebisha kunapofaa.

Maagizo ya zamani ya droni yaliwataka watu warekebishe dira kila wanapofika mahali papya. Baadaye kampuni ya DJI, katika maagizo ya droni zake ndogo, ilipunguza sharti hilo. Yafaa kurekebisha iwapo chombo kimesafirishwa zaidi ya kilomita 50 kutoka kiliporuka mara ya mwisho, au kimekaa zaidi ya siku 30 bila kuruka, au kikionya chenyewe. Ni busara pia kufanya hivyo baada ya kubadilisha mota, baada ya kuanguka, au baada ya kulazwa karibu na sumaku.

Ardhi nayo yaweza kuwa na chuma chake. Mawe meusi ya volkano, kama yale ya miteremko ya mlima Elgon na ya milima ya Muhavura, yana chembe za madini yenye sumaku. Anayerusha droni katika sehemu hizo asirekebishe dira huku ameiweka juu ya jabali.

ASKARI HULIJUA SOMO HILI

Kwa askari aliyefunzwa kusoma ramani, hakuna jambo geni katika haya. Tangu siku ya kwanza hufundishwa asisome dira akiwa amesimama kando ya lori, wala bunduki ikiwa imeegemea kifuani pake. Vitabu vya mafunzo vya jeshi la Marekani vimetoa umbali wa kufuatwa: mita 55 kutoka kwenye nyaya za umeme wa nguvu kubwa, mita 18 kutoka kwenye mzinga, lori au kifaru, mita 10 kutoka kwenye nyaya za simu na za seng'enge, mita 2 kutoka kwenye bunduki ya rashasha, na nusu mita kutoka kwenye kofia ya chuma au bunduki ya kawaida.

Vipimo hivyo vilitungwa kwa ajili ya dira ya mkononi, lakini vinamfaa pia mwenye droni. Askari aliyetumwa kuirusha kazini aweke kando bunduki na simu ya upepo, atoe funguo mfukoni, na akumbuke saa na bizimu ya mkanda wake. Asiinue chombo kutoka juu ya boneti ya Landrover, ingawa hapo ndipo pahali pa tambarare panapoonekana kwa urahisi. Wala paa la bati au mfuniko wa chuma wa shimo la maji machafu si uwanja wa kurukia.

Lipo na jambo la mazoezi. Droni nyingi zikigundua kwamba dira yao haiaminiki huacha kujishikilia mahali pamoja. Hubaki zimesawazika hewani, lakini hubebwa na upepo, na kazi yote humrudia binadamu mwenye rimoti. Asiyewahi kujifunza kuongoza kwa mikono yake hupigwa na bumbuazi katika dakika hiyo. Aliyejizoeza mahali pa wazi, siku ya upepo mdogo, hukirudisha chombo polepole na kukishusha. Chombo kinachojiongoza chenyewe hakimwondolei mwenyewe wajibu wa kujua kukiongoza.

JARIBIO LA NYUMBANI

Wazazi wanaweza kuwaonyesha watoto jambo hili jioni moja bila gharama. Chukua sindano ya kushonea na sumaku yoyote, hata ile ya spika ya redio iliyoharibika. Isugue sindano kwa sumaku mara thelathini au arobaini, daima kuelekea upande mmoja, bila kurudisha. Ilaze juu ya kipande cha jani au cha kizibo, kisha kieleze kipande hicho juu ya maji ndani ya beseni la plastiki. Baada ya muda sindano itatulia ikielekea kaskazini na kusini. Mtu mzima na awepo, kwa sababu sindano si kitu cha kuchezewa na mtoto mdogo.

Sasa mtoto alete kijiko cha alumini karibu na beseni. Sindano haitajali. Alete kisu cha chuma, nayo itageuka kukifuata. Akiondoe, itarudi kwake. Hilo ndilo somo la kwanza.

Kwa somo la pili, gandisha msumari uliosuguliwa kwa sumaku kwenye ukingo wa beseni, na lizungushe beseni polepole duara zima. Kosa la sindano litaongezeka na kupungua, na ukirudia mzunguko, makosa yale yale yatarudi katika pande zile zile. Msumari huo ni kama chuma cha meli au cha droni, chenye kosa linaloweza kuandikwa na kujulikana. Kisha ubandue msumari, uuweke juu ya meza kando ya beseni, na ulihamishe beseni upande wa pili wa chumba. Kosa limebaki mezani. Mtoto aliyeyaona hayo mawili ameelewa jambo ambalo watu wengi wenye droni za bei kubwa hawajalielewa.

Somo hilo linahusu hata simu ya mkononi. Ramani ndani ya simu inapoonyesha mshale wa mwelekeo, huuliza dira ya namna ile ile. Mshale ukiyumba, mwenye simu hushauriwa kuichezesha hewani kwa mchoro wa tarakimu 8, nako ni kuizungusha ili kukusanya nukta za lile chungwa. Lakini kabla ya hapo aitoe katika mkoba wenye kifungo cha sumaku, na atoke nje ya gari.

Nyumbani, droni isilazwe juu ya spika ya redio, wala karibu na jokofu lenye sumaku mlangoni, wala ndani ya sanduku moja na bisibisi zenye ncha za sumaku. Vipande vyake vya chuma huweza kunasa usumaku huo na kubaki nao.

KABLA YA KURUSHA

Sheria za nchi nyingi, zikiwamo Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, zinadai kibali kabla ya mtu kurusha droni, na kibali hicho ndicho cha kutafutwa kwanza. Baada ya hapo, mwenye chombo asimame mahali pa wazi, mbali na magari, zege la nondo, seng'enge na nyaya za umeme. Atazame pua ya droni inaelekea wapi, na alinganishe na mshale ulio kwenye ramani ya simu. Kama pua inaitazama barabara nao mshale unautazama mto, asiruke. Akiruka, aisimamishe kwanza mita chache kutoka ardhini, mbali na watu, na aiangalie kwa nusu dakika. Ikitulia, aendelee. Ikianza kuzunguka, aishushe mara moja, kabla duara halijapanuka.

Uangalizi huo wa nusu dakika ni mdogo ukilinganishwa na gharama ya chombo, na ni mdogo zaidi ukilinganishwa na jicho la mtoto aliyekuja arusini kutazama ngoma. Mabaharia walijifunza kuipima dira kabla ya kung'oa nanga baada ya kuzika wengi. Wenye droni wamelipata somo hilo likiwa tayari, na linaanza kwa kuweka funguo kando, kuliacha gari na kutembea hatua ishirini hadi kwenye nyasi.